Mafuta ya Kukamulia na Gobore la Bu Saad

Kucha za Kwamboka ziliwahi kumfukuzisha saluni. Si kwamba alifanya fujo. Alizinyoosha tu zipakwe rangi, binti wa saluni akaona nta na weusi vimejikita chini yake kama kutu ya bati, akaita mkubwa wake. Mkubwa akauliza kwa upole, "Dada, wewe ni fundi wa magari?" Kwamboka akajibu kama mtu aliyetajiwa cheo, "La, mimi natengeneza risasi." Ghafla saluni nzima ikakumbuka ina shughuli nyingine.

Hata nyumbani Nyamira mama yake alikuwa ameacha kuuliza. Majirani walipotaka kujua binti anafanya nini huko Uarabuni, mama alisema "ofisini," akabadilisha mazungumzo. Kwa kweli hapakuwa na la kuogopa. Nje kidogo ya Doha, ukishika njia ya Umm Salal, kuna klabu ya kulenga shabaha yenye uzio, vibali, walinzi, na kamera zinazochunga kamera nyingine. Kwamboka aliajiriwa pale kuwa mlinzi wa lango. Kazi yake ilikuwa kufungua kizuizi, kufunga kizuizi, na kuyeyuka polepole ndani ya sare.

Aliyemtoa langoni ni Bu Saad, mzee wa Kiqatari mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri kuliko ua wa hoteli. Wenzake walipotajirika walinunua ngamia wa mbio. Yeye akanunua magobore, zile bunduki za kizamani za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Siku moja alimkuta Kwamboka langoni akifumua fundo la uzi wa sweta, uzi mmoja baada ya mwingine, kwenye joto la kuivisha yai mfukoni, wala hatukani mtu. Mzee akateremsha kioo cha gari. "Huyu binti nipeni mimi," alisema. Wakampa.

Basi Kwamboka akaingia karakana ya klabu. Huko alijifunza kuyeyusha risasi kwenye chungu cha chuma chini ya feni kubwa za kunyonya moshi, kumimina kwenye kalibu, kugonga, kufungua, na kuidondosha kwenye kitambaa iking'aa kama jino jipya. Kila moja ilikuwa na vifereji kiunoni, kama mikunjo ya shingo ya mtoto aliyenona. Humo ndani hupakwa mafuta. Bila mafuta, masizi ya baruti hugandamana mtutuni, na ukijaribu kushindilia ya pili hukwama njiani kama ugali usio na mboga.

Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Lakini alikuwa akiandaa risasi, wengine wakizipiga. Yeye alisimama nyuma, pamba masikioni, akimeza mate.

Mpaka Jumatatu moja mwishoni mwa Septemba. Mpwa wa Bu Saad, aliyepigia gobore la pili la mzee, alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo, na timu ya magobore ikabaki na pengo. Bu Saad aliingia karakana, akaketi juu ya ndoo, akasema kwa kile Kiarabu cha kubomoabomoa anachowasemesha wafanyakazi wake ili kisiwapige chenga:

"Boka." Jina zima lilimshinda toka mwanzo. "Ijumaa baada ya Alasiri tuna mashindano. Utapiga gobore la pili."

Kwamboka akaangusha kalibu.

"Mimi, Baba?"

"Kuna Boka mwingine? Nikiona mkono wako unatosha, uko kwenye timu msimu mzima. Nikiona hautoshi, kuna mtoto wa rafiki yangu ameniganda kama kupe, nitampa yeye. Sheria unaijua. Kila mpigaji na risasi zake, na mafuta yake kapika mwenyewe. Nta na liyya. Yalla."

Liyya ni mafuta ya mkia wa kondoo. Mzee akatoka. Kwamboka alibaki akicheka peke yake, akaruka juu mara moja, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, kisha akaruka tena.

Risasi zenyewe alizimimina siku ile ile, nzuri za kutia kwenye maonyesho. Kizungumkuti kilikuwa mafuta. Kwamboka aliishi Muaither, katika vila iliyogawanywa kwa mbao mpaka jiko likabaki upana wa kaburi, na mtawala wa jiko hilo alikuwa Hadijah, Mganda, mpishi msaidizi katika hoteli moja ya kule ufukweni. Hadijah alipika kwa kelele na kutawala kwa kelele zaidi.

"Nnyabo, mkia wa kondoo hauchemki humu," alisema, kijiko kikiwa hewani. "Harufu yake inaingia kwenye hijabu yangu, naenda nayo kazini, wageni wananiuliza kama leo kuna biriani."

"Ni kidogo tu, Hadijah. Ni kwa ajili ya mashindano!"

"Wewe unashindana na nani? Na kondoo?"

Kesho yake, kwenye mapumziko, Kwamboka alimlilia Mutai. Huyu alikuwa dereva wa pikapu inayobeba mbao za shabaha, mtu wa Bomet, mrefu, mkavu, na mwenye jibu la kila kitu hata kabla hujauliza. Mutai alimsikiliza huku akipaka visigino vyake mafuta kutoka kwenye kopo. Yalikuwa mafuta ya kukamulia, yale wanayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mkenya hasafiri bila hayo. Anaweza kusahau pasipoti.

"Sasa unalia nini na suluhisho umeketi karibu nalo?" Mutai akainua kopo kama kasisi anayeinua kikombe. "Haya mafuta, dadangu, yameponya ng'ombe, yamelainisha magoti ya nyanya yangu, yamefungua bawaba za kanisa. Bunduki ni nini? Ni bawaba yenye hasira."

"Baba alisema mkia wa kondoo."

"Baba ni wa zamani. Wewe mletee maendeleo. Halafu hayanuki kondoo, yananuka kama mtu aliyeoga."

Hapo ndipo akili ya Kwamboka ilipoenda likizo. Na si kwamba alikuwa mjinga. Tatizo ni kwamba kwao mafuta yale yalikuwa kama ndugu wa familia. Alipakwa nayo akiwa mchanga, akapakwa siku ya kwanza ya shule mpaka uso ukatoa mwanga wa kusomea. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba kuna kitu duniani yasichokiweza? Jioni hiyo aliyeyusha nta, akachanganya na kopo la Mutai, akakoroga. Jiko likanukia. Hata Hadijah alichovya kidole, akajipaka mkono na kusema, "Haya sasa ndiyo mambo."

Jumatano karakanani Kwamboka alizipaka risasi zake moja moja, akizungusha kila moja baina ya vidole mpaka kila kifereji kikajaa, kisha akazisimamisha kwenye sinia juu ya karatasi ya kuokea, zimejipanga kama wanakwaya. Akangoja zikauke. Hazikukauka. Alizipepea. Alizipulizia kwa mdomo. Hewa ya Septemba Doha ni kitambaa kibichi, na karakana ile ilikuwa na feni za moshi tu, haina eisi ya kupoza hewa. Alipogusa, kidole kiliondoka na mafuta yote. Akajiambia ni baridi zinayokosa, zitatulia tu zenyewe. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Alhamisi akaruhusiwa kufanya mazoezi. Bu Saad aliketi nyuma yake kwenye kiti cha turubai, na Mutai alikuwa kwenye darubini, akitazama shabaha na kusema risasi inakopiga.

Kwamboka akamimina baruti, akatia risasi mdomoni mwa mtutu, akaishindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia, akapachika fataki, akalenga. Gobore likanguruma. Moshi mweupe ukamfunika kama bibi harusi.

"Katikati!" Mutai akapiga kelele. "Mama yangu, katikati kabisa!"

Kwamboka akacheka ndani ya moshi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa basi! Miezi yote hiyo wale wanaume walikuwa wanajiwekea utamu huu peke yao! Akajaza upesi. Ya pili ikaenda kulia kidogo. Ya tatu ikazidi kulia. Kwa kuwa ana vidole vya kutaka kurekebisha kila kitu, akachukua nyundo ndogo, akakigonga kilengeo cha nyuma kisogee kushoto kidogo ili kuzirudisha. Iliyofuata ikarudi, akashangilia. Ya baada yake ikakwama.

Alishindilia mdeki, ukagoma. Akaning'inia juu yake kama mtu anayepampu maji. Haukuenda.

"Sukuma!" Mutai akashauri kutoka mbali, kama kawaida ya washauri.

Bu Saad aliinuka. Alichukua risasi moja kwenye sinia, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Akainusa tena. Uso wake ukafanya kama mtu aliyekutana na jamaa mahali asipomtarajia.

"Boka," alisema. "Kwa nini risasi yangu inanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa?"

Kwamboka akaeleza. Alipofika kwenye ng'ombe, Mutai alianza kuifuta darubini kwa bidii sana.

Mzee alicheka mpaka akashika kiti. Kisha alikoma ghafla. "Hayo ni mafuta yatokayo kwenye petroli," alisema. "Yakichomwa pamoja na baruti yanakuwa lami. Umejenga barabara ndani ya mtutu wangu. Mafuta ya mnyama hayafanyi hivyo, ndiyo maana babu zangu walimsumbua kondoo." Akajipepea kwa mkono wa kanzu. "Mashindano ni kesho. Yule mtoto wa rafiki yangu, nimwambie aje?"

"Usimwambie, Baba."

"Utapata wapi mafuta?"

"Usimwambie tu."

Mzee akamtazama, kisha akaangalia simu yake, akairudisha mfukoni. "Risasi zako zikiwa tayari Alasiri, unapiga. Zisipokuwa tayari, unatutengea chai."

Kabla ya kuondoka, Kwamboka alisafisha mtutu kwa maji moto, tambara baada ya tambara, na matambara yalitoka meusi kama dhamiri ya dalali. Mutai alitwishwa sinia. "Wewe ndiye uliyeleta maendeleo," Kwamboka alimwambia. "Zioshe zote kwa sabuni. Nikikuta moja inateleza, nakupaka wewe."

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza kwa muuza nyama. Aliporudi Muaither na mkia wa kondoo kwenye mfuko wa plastiki, Hadijah alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni.

"Nilisema nini kuhusu mkia wa kondoo?" Hadijah akasema.

"Hadijah, nisikilize. Nisipopika hii saa hii, Alasiri mimi ni mtenga chai. Nimepiga katikati jana. Katikati! Sijawahi kusikia kitu kama hicho maishani mwangu. Nitakununulia hijabu mpya, nitaosha pazia, nitalala nje na kondoo wangu, lakini nipishe."

Hadijah alimtazama usoni. Labda aliona kitu, au labda mpishi hastahimili kuona nyama imeshikwa na mtu asiyejua. Akaunyakua mfuko.

"Toka hapo. Utaichoma tu, na ikiungua inanuka mara mbili. Lete kisu."

Akaukata mkia vipande vidogo, akauweka kwenye sufuria kwa moto wa huruma, akakaa juu yake kama nesi wa zamu. "Sikiliza," alimwambia Kwamboka. "Unasikia inavyotatarika? Hayo ni maji. Ukiyaepua sasa, mafuta yako hayatashika. Ngoja yanyamaze." Walingoja. Majirani waligonga ukuta wa mbao kuuliza kuna sherehe gani. "Ya kumwoza kondoo!" Hadijah alijibu. Sufuria iliponyamaza akachuja kwa kitambaa, Kwamboka akatia nta, na yale mafuta yakageuka rangi ya asali changa. Hadijah akajikuta anaruka naye jikoni, viwiko vikigonga kuta zote mbili. Kisha akafunga hijabu yake yenye harufu ya kondoo, akasema, "Nenda. Na ukikosa usirudi hapa."

Karakanani, risasi zilikuwa safi. Mutai alizisugua mpaka zikaona aibu. Kwamboka akazipaka upya, kifereji kwa kifereji, nje mwadhini akiita sala ya Ijumaa, joto likiwa limelalia bati kama ng'ombe mgonjwa. Mafuta yalikuwa mazuri, lakini kwenye joto lile yalibaki laini. Risasi ya namna hiyo ukiigusa mafuta yanabaki mkononi, mtutu haupati kitu.

"Zinahitaji ubaridi," Kwamboka alisema. "Friji ya jikoni kwa wanachama?"

"Wakikuta risasi kando ya mtindi wao, sote tunapanda ndege ya kurudishwa kwetu," Mutai akajibu. Halafu macho yake yakaenda nje, kwenye pikapu. Safari hii hakuhubiri. Alisema tu, "Eisi yangu inauma kwa baridi."

Wakaweka sinia kwenye kiti cha abiria. Kwamboka akakaa pembeni, akalishika kwa mikono miwili kama keki ya arusi. Mutai akafungua eisi mpaka mwisho, lakini ile eisi ilikuwa na tabia zake, gari likisimama inapuliza moto, likitembea inapuliza barafu. Basi ikabidi watembee. Wakaanza kuzunguka ndani ya uzio, polepole, mbele ya ghala la silaha, nyuma ya majilisi wanakopumzikia wanachama, kando ya mbao za shabaha, na tena. Mlinzi wa lango aliwapigia saluti mzunguko wa kwanza. Baadaye akawa anawatazama tu, kama mtu anayejiuliza kama aripoti.

"Mutai, pole pole kwenye tuta! Zinatingishika!"

"Kwani nimebeba mayai?"

"Umebeba maisha yangu, ndugu!"

"Basi maisha yako yamenigandisha magoti. Nina baridi, Kwamboka. Doha, Septemba, nina baridi. Nitamwambia nani?"

Meno yakigongana, Kwamboka akagusa risasi moja kwa ncha ya ukucha. Kavu. Akagusa nyingine. Kavu, mafuta yameshika kama ngozi. Akapiga ukelele ambao Mutai alikaribia kuugeuza ajali.

Alasiri wapigaji walijipanga, kanzu nyeupe mfululizo, na mwishoni kabisa Kwamboka, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Yule mtoto wa rafiki wa Bu Saad alikuwa amekuja pia, eti kutazama. Alitazama kwa jicho la mtu anayepima kiti cha mwenzake.

Kwamboka akajaza. Mdeki ukashuka kama kisu kwenye siagi. Akalenga katikati, akavuta pumzi, akaachia nusu, akafyatua.

Mutai, kwenye darubini, alichelewa kusema. "Kushoto," akasema.

Ya pili, kushoto. Ya tatu, kushoto. Kwamboka akashusha gobore. Mkono wake haukuyumba, aliujua. Mtutu ulikuwa safi, mdeki ulisema hivyo kila aliposhindilia. Sasa nini? Yule kijana nyuma akakohoa kikohozi cha matumaini.

"Mutai," aliita kwa sauti ndogo. "Kushoto wapi? Zimetawanyika?"

"Zitawanyike wapi! Zimetagwa, dadangu. Zote kwenye kiota kimoja. Ungeweza kuzifunika kwa kikombe cha kahawa."

Hapo ndipo akakumbuka. Nyundo! Alhamisi alikigonga kilengeo kushoto ili kuufuata mtutu uliojaa lami, na leo mtutu ulikuwa msafi, kilengeo bado kimepinda kwa ajili ya jana. Na mashindano yakishaanza hairuhusiwi kugusa kilengeo. Furaha ikamwahi kabla ya hofu. Risasi zake zilikuwa zinatii! Zote! Zilikuwa zinakwenda hasa pale alipoziambia, ni yeye tu aliyeziambia vibaya.

Akahamisha jicho kulia, mbali na katikati, akalenga mahali patupu pasipo na sababu yoyote ya kulengwa. Nyuma yake mtu alinong'ona, "Analenga nini huyu?" Akafyatua.

"Katikati!" Mutai akalia.

Tena. "Katikati!" Tena, na tena, mpaka Mutai akaacha kusema na kuanza kuimba jina lake, na msimamizi akamwomba anyamaze au aondoke.

Waliposoma pointi, Kwamboka hakuwa hata karibu na kikombe. Risasi za mwanzo zilikuwa zimemmaliza. Kijana wa rafiki akatabasamu, akamsogelea Bu Saad. Lakini mzee alikuwa ameshika karatasi ya shabaha ya Kwamboka, ameielekeza kwenye jua. Ilikuwa na matundu mawili tu makubwa, moja kushoto, moja katikati, kila moja limetafunwa kingo na risasi zilizopita palepale.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana bila kumtazama, "nisalimie baba yako."

Kisha akamgeukia Kwamboka. "Kilengeo?"

"Nilikigonga jana, Baba. Ile siku ya ng'ombe."

"Kilengeo nitakirekebisha kwa nyundo. Mkono siwezi kuugonga kwa nyundo." Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu kama kitu chake. "Mazoezi ya timu ni Jumanne. Sasa njoo unywe chai, watu wengine wameitenga."

Mutai alikuwa tayari ameshika vikombe viwili. Hadijah alikuwa amepiga simu mara nyingi na bado anapiga. Kwamboka hakwenda kwa chai wala hakushika simu. Alisimama pale, uso mweusi kwa moshi wa baruti, meno yote nje, mkono umenyooshwa.

"Baba, hiyo nyundo iko wapi? Jua bado lipo."